Barua ya wazi kwa wanaotia saini miongozo ya mbolea ya malisho

Waheshimiwa wakuu wa idara za malisho, wakuu wa vituo vya utafiti na wasimamizi wa ugani,

Salaam.

YAH: KUONDOLEWA KWA NAMBA MOJA YA MWITIKIO WA NITROJENI

"Kilo 1 ya nitrojeni huleta kilo 10 za majani makavu." Sentensi hii imezoeleka mno kwenye vijitabu vya mbolea ya malisho, na mfugaji akiisoma huichukua kama ahadi. Sisi tunaopima majani tunajua kwamba katika shamba lilelile, kwa mbolea ileile, raundi moja (yaani muda kati ya kukata au kulisha mara moja na mara inayofuata) inaweza kuleta kilo 3 na nyingine kilo 20. Namba hii, kilo za majani makavu zinazoongezwa na kilo 1 ya nitrojeni, ndiyo tunayoiita mwitikio. Kumi ni wastani wa vitu visivyofanana. Tunaandika kuwaomba muiondoe namba hiyo, na badala yake mtoe makadirio yanayotaja masharti yake.

Tuanze na lililo zito kuliko yote, nalo ni nitrojeni iliyomo tayari ardhini. Chukua udongo wa juu wa sentimita 10 katika hekta moja. Kama lita moja ya udongo huo ina uzito wa kilo 1, hapo pana tani 1,000. Udongo wenye nitrojeni asilimia 0.2 una kilo 2,000 za nitrojeni. Wenye asilimia 0.6 una kilo 6,000. Karibu yote imefungwa ndani ya mboji, mmea hauwezi kuigusa mpaka vijidudu viivunje. Tuseme vinavunja asilimia 2 kwa mwaka: shamba la kwanza linapata kilo 40 bure, la pili linapata kilo 120. Mwongozo unaowapa wote wawili kiwango kimoja unamdhulumu mmoja wao, na mara nyingi anayeumia ni yule wa udongo tajiri, maana ananunua kitu alichonacho.

Tena uvunjaji huo hauendi kwa mwendo mmoja mwaka mzima. Mwaka 1958 mtafiti wa udongo aitwaye Birch alieleza jinsi udongo uliokauka, ukiloweshwa ghafla, unavyofumua nitrojeni kwa wingi ndani ya siku chache. Ndiyo maana baada ya kiangazi kirefu majani hugeuka kijani kibichi kwa mvua za mwanzo hata pasipo mbolea. Anayemwaga urea siku hizo hizo ataona shamba limependeza, ataisifu urea, na mwaka unaofuata atanunua mara mbili. Kumbe sifa ilikuwa ya udongo. Namna pekee ya kuzitenganisha sifa hizi ni kuwa na kipande kisichotiwa kitu, jambo tutakalolirudia.

Kwa hiyo makadirio yoyote yaanze na swali hili: pasipo mbolea, shamba hili litaota kiasi gani katika wiki sita zijazo, na litakuwa limenyonya nitrojeni kiasi gani? Mwongozo usioweza kulijibu swali hili, hata kwa kubahatisha, hauna msingi wa kusema mbolea itaongeza nini.

Joto na maji tunayapitia kwa ufupi kwa sababu mnayajua, ingawa vijitabu vyenu haviyataji. Nyasi za nchi za baridi, mfano raigrasi, huanza kuitikia pale joto la udongo kwenye kina cha sentimita 10 linapopita nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Matete, nyasi za Rhodes na brakiaria hudorora joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi. Chini ya hapo nitrojeni hukaa inangoja, na inapongoja hupotea.

Maji yanastahili hesabu ndogo, maana hapa ndipo ahadi ya kumi inapovunjika bila mtu kutambua. Milimita moja ya maji yanayopita ndani ya mmea hutoa, kwa makadirio ya kawaida, kilo 10 hadi 25 za majani makavu kwa hekta, kutegemea aina ya nyasi na ukavu wa hewa. Tuseme udongo una milimita 40 zinazoweza kunyonywa, na mnatarajia mvua ya milimita 20 tu. Ukitumia kilo 20 kwa milimita, dari ni kilo 1,200. Kama pasipo mbolea shamba lingetoa kilo 900, basi nafasi iliyobaki ni kilo 300. Mtu akitia kilo 50 za nitrojeni, hata mambo yote yakienda vizuri atapata kilo 6 kwa kila kilo 1. Dari hiyo si ya zege, kwa kuwa mmea ulioshiba nitrojeni hutumia maji vizuri zaidi kidogo, lakini kwa kuamua kama inafaa kwenda dukani inatosha.

Kuna kosa lingine la hesabu, nalo ni kuchanganya wastani na kilo ya mwisho. Tuseme kilo 30 za kwanza za nitrojeni zimeleta 14 kwa 1, kilo 30 zinazofuata 8 kwa 1, na kilo 30 za tatu 3 kwa 1. Jumla ni kilo 750 za majani kwa kilo 90 za nitrojeni, wastani 8.3. Mfugaji anayeambiwa "mwitikio ni 8.3" hawezi kujua kwamba theluthi ya mwisho ya fedha yake ilirudisha 3 tu. Linalompasa kuamua ni kama aongeze mfuko mmoja zaidi, na jibu lake liko kwenye mteremko wa mwisho wa mchoro. Tungependa mchoro wenyewe uchapishwe. Na kama mnauchora kwa kanuni ya kipeo cha pili, ile inayochora umbo la kilima, kwa sababu kompyuta inaikubali kirahisi, mwangalie kilele chake: kanuni hiyo hulazimisha mavuno yashuke baada ya kilele hata pale ambapo data zinaonyesha mstari uliolala tu. Kiwango "bora" kinachotoka hapo huweza kuwa mbali na ukweli kwa makumi ya kilo.

Halafu siku. Mmea ukipata nitrojeni hunyonya kwanza, hukua baadaye. Wiki mbili za mwanzo rangi hubadilika na asilimia ya nitrojeni ndani ya jani hupanda, ila uzito haujasogea sana. Ukikata siku ya 14 utasema mwitikio ni 4. Jaribio hilohilo likikatwa siku ya 42 huenda likasema 12. Mwitikio usiotaja idadi ya siku ni sawa na mwendo usiotaja saa. Wiki hizo za mwanzo zina hatari pia: palipo na mawingu mazito au ukame uliokatika ghafla, nitrati hurundikana kwenye majani na ng'ombe mwenye njaa aliyeingizwa hapo anaweza kufa. Kijitabu kiseme wazi mifugo ingoje angalau siku 21, na kwa nini.

Tufike kwenye punje yenyewe ya urea, kwa sababu mengi hupotea kabla mizizi haijapata habari. Urea ina nitrojeni asilimia 46, hivyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. CAN (mbolea ya nitrati ya amonia iliyochanganywa na chokaa) ya asilimia 26 ina kilo 13 kwa mfuko kama huo. Punje ya urea ikidondoka juu ya majani yaliyooza yenye umande, inayeyuka papo hapo lakini haizami. Kimeng'enya cha ureasi, ambacho kimejaa kwenye mabaki ya majani kuliko kwenye udongo wenyewe, huigeuza kuwa amonia. Alkali hupanda katika eneo dogo linaloizunguka punje, na amonia huondoka na upepo. Kwa siku chache za joto, umande na upepo bila mvua, asilimia 20 hadi 30 inaweza kwenda hewani. Mvua au umwagiliaji wa milimita 5 hadi 10 kwa pamoja, ndani ya siku moja au mbili, huishusha ardhini na kuiokoa. Manyunyu ya milimita 1 au 2 ni mabaya kuliko ukavu mtupu: yanaiyeyusha na kuiacha juu. Kwa hiyo sentensi ya "tia mbolea wakati wa unyevu" iliyomo kwenye vijitabu inapotosha. Ardhi yenye unyevu pasipo mvua inayokuja ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa urea. CAN haina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, ila nitrati yake huzama chini ya mizizi mvua ikizidi, na kwenye ardhi iliyotuama maji hugeuka gesi.

Mikunde nayo imesahauliwa. Penye klova au desmodiamu ya kutosha, mbolea hulisha nyasi, nyasi hurefuka na kuifunika mikunde, na mikunde yenyewe hupunguza kazi ya kuvuna nitrojeni hewani kwa kuwa ipo ya bure miguuni pake. Ukiangalia raundi moja utaona faida. Ukijumlisha mwaka, sehemu ya kilo ulizotia zimechukua tu nafasi ya kilo ambazo mikunde ingeleta. Mwitikio wa raundi na mwitikio wa mwaka ni vitu viwili, viandikwe viwili.

Na fosforasi, potasiamu, salfa, chokaa: pakikosekana kimojawapo, nitrojeni haina kazi. Wanaokata nyasi na kuzihamishia bandani wakumbuke kwamba kila tani ya majani makavu huondoka na potasiamu ya kilo 20 hivi. Kwa wanaopenda salfeti ya amonia, jaribio la Park Grass pale Rothamsted, Uingereza, lililoanza mwaka 1856, linaonyesha vipande vilivyopewa mbolea hiyo miaka mingi bila chokaa vikishuka hadi pH iliyo chini ya 4.

Sasa upimaji. Hapa tunasema kwa urefu, kwani ndipo namba zenu zinapozaliwa.

Utaratibu ni rahisi kuueleza. Acha ukanda usiotiwa mbolea ndani ya shamba lilelile, au siku ya kumwaga funika sehemu kwa turubai pana la mita 3. Zuia mifugo isiingie. Baada ya siku zilizopangwa, tupa fremu ya sentimita 50 kwa 50 kwa bahati nasibu ndani ya ukanda na nje yake, kata kwa kimo kimoja (sentimita 5 kwa nyasi zinazotambaa au fupi, 10 kwa zile za mashina), kausha kwa nyuzi 60 hadi 65 mpaka uzito usibadilike, kwa kawaida saa 48. Gramu za fremu zidishe kwa 40, unapata kilo kwa hekta. Ndani ya ukanda gramu 62, nje gramu 74: tofauti 12, mara 40 ni kilo 480. Kama ulitia kilo 40 za nitrojeni, mwitikio ni 12.

Kisha inakuja sehemu ambayo ripoti nyingi huiruka. Malisho yanayolishwa yana madoa. Doa moja la mkojo wa ng'ombe hubeba nitrojeni ya kiwango cha mamia ya kilo kwa hekta, hata kukaribia 1,000, na fremu ikiangukia hapo namba inaruka. Ni jambo la kawaida fremu kutofautiana kwa asilimia 25 ya wastani. Kwa fremu 10 kila upande, ile 12 inakuja na kosa la kipimo la kama 7.6 juu na chini. Yaani huwezi kutofautisha mwitikio wa 5 na wa 19. Kwa fremu 40 kila upande kosa linapungua nusu, hadi 3.8, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Afisa aliyekata fremu tatu na kuandika "12.4" ametuandikia desimali ya kujipamba.

Kimo cha kukata nacho kinacheza na akili. Kwenye malisho yaliyoshonana, sentimita moja ya chini inaweza kubeba kilo 200 za majani makavu kwa hekta au zaidi. Mkono ukishuka sentimita moja zaidi upande wenye mbolea, ambako majani marefu yanaficha ardhi, karibu nusu ya mwitikio wote uliotafutwa imetoka kwenye mundu.

Uzito mbichi usikubaliwe kabisa. Majani yaliyotiwa nitrojeni hubeba maji mengi zaidi. Gramu 2,000 zenye ukavu wa asilimia 18 ni gramu 360. Gramu 2,400 zenye ukavu wa asilimia 15 ni gramu 360 zilezile. Kwenye mizani ya shambani hilo ni ongezeko la asilimia 20. Kwenye tumbo la ng'ombe ni maji. Bamba la kupimia kimo lina mtego unaofanana: jani lililotiwa mbolea husimama tofauti, na kanuni ya kugeuza kimo kuwa kilo iliyopatikana kwenye kipande kisicho na mbolea hailifai.

Ukanda wenyewe una tabia zake. Ukiuacha palepale raundi baada ya raundi, unakonda, mikunde inaingia, nao haufanani tena na shamba. Ukitaka kujua raundi hii imeleta nini, hamisha ukanda kila raundi. Ukitaka kujua mwaka mzima umeleta nini, uache palepale. Tumeona ripoti zinazochanganya hizi mbili katika jedwali moja.

Kuna kipimo cha kusaidia ambacho hakijapata nafasi kwenye ugani. Kadiri mmea unavyorundika majani, kiwango cha nitrojeni unachohitaji ndani yake hupungua kwa mpangilio unaojulikana. Kwa nyasi za nchi za baridi ni asilimia 4.8 pakiwa na tani 1 kwa hekta, 3.85 kwa tani 2, 3.1 kwa tani 4. Kwa nyasi za tropiki ni 3.6 kwa tani 1, 2.8 kwa tani 2 na 2.25 kwa tani 4. Sampuli ya matete yenye tani 4 na nitrojeni asilimia 1.8 ina 0.8 ya inachohitaji: mmea una njaa, mbolea ina kazi. Ikiwa na 2.3, umeshiba, na mfuko wa ziada utaongeza protini tu au utapotea. Toa mikunde kwenye sampuli kwanza, la sivyo namba itadanganya, na usitumie kipimo hiki chini ya tani 1.

Kuhusu programu za kompyuta: hatuzipingi. APSIM, programu inayoiga ukuaji wa mimea shambani, na nyinginezo za aina yake huhesabu maji na nitrojeni siku hadi siku, jambo ambalo hakuna jedwali linaloliweza. Tunapinga jinsi zinavyopasishwa. Programu ikisema shamba litatoa kilo 2,900 likitiwa mbolea na 2,500 lisipotiwa, na kipimo kikaleta 2,800 na 2,650, kila namba imekosea kwa asilimia 4 hadi 6 tu na watu watapiga makofi. Lakini mwitikio uliotabiriwa ni 400 na uliopatikana ni 150. Kwa kilo 40 za nitrojeni, 10 imegeuka kuwa chini ya 4. Mwitikio ni tofauti ya namba mbili kubwa, na makosa madogo ya namba kubwa hurundikana pale pale. Programu ipimwe kwa tofauti hiyo. Iwekewe nitrojeni ya mwanzo iliyopimwa kwenye udongo badala ya kukisiwa, iendeshwe kwa kumbukumbu za hali ya hewa za miaka 30 au zaidi iwezekanapo, na kila mwaka utoe jibu lake. Ukiiendesha mara moja kwa hali ya hewa ya wastani, unapata msimu ambao haujawahi kunyesha popote.

Yapo malalamiko ambayo tusipoyasema barua hii haijakamilika. Majaribio ambayo mbolea haikuleta kitu hutupwa. Mvua ilikatika, afisa anaandika "jaribio limeharibika", na linatoka kwenye hesabu. Mfugaji hana ruhusa ya kuutupa msimu wake namna hiyo. Zikibaki zile zilizofaulu tu, wastani unapanda, na ile kumi inazidi kuonekana ya kweli.

Tunachoomba, basi. Chapisheni data ghafi za kila jaribio, pamoja na mavuno ya kipande kisicho na mbolea na yale mnayoyaita mabovu. Kila kiwango kitajwe na siku za kungoja, joto la udongo, maji yaliyokuwepo, aina ya nyasi, sehemu ya mikunde na kimo cha majani yaliyobaki siku ya kumwaga, maana malisho yaliyolambwa hadi ardhini hayana jani la kukamata mwanga na huitikia kwa kuchelewa. Namba ya mwitikio iandikwe kama mtawanyo, mfano: "kwa udongo huu na mwezi huu, misimu 2 kati ya 10 chini ya 5, misimu 6 kati ya 5 na 12, misimu 2 juu ya 12." Mfugaji anayecheza na mvua kila mwaka ataielewa hiyo kuliko mnavyodhani.

Gharama ihesabiwe kwa majani yaliyoliwa. Mwitikio wa 12, mifugo ikila asilimia 70, ni 8.4. Gawanya bei ya kilo ya nitrojeni kwa 8.4, ndipo ulinganishe na bei ya kilo ya chakula kingine. Aliye na majani ya ziada yanayokomaa na kulala chini, kwake mwitikio ni sifuri hata kama fremu inasema 20.

Na maafisa ugani wapewe turubai, fremu mbili, mizani ya kusoma gramu na tanuri ya kukaushia inayofika nyuzi 65. Kwa sasa wengi wana kijitabu tu.

Wenu katika kazi,
Sisi tunaokata, tunaokausha na tunaopima malisho